Picha za Usiku wa Hina

Tulipotea kidogo kwa ajili ya harusi ya mdogo wetu, aliyeolewa mwezi wa Shaaban, na Alhamdulillah imepita salama. Kilichotutoa jasho hakikuwa biriani wala ukumbi. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani.

Usiku wa hina tuliweka mpiga picha mwanamke. Tulikuwa wanawake peke yetu, mabuibui yamevuliwa, nywele nje, mashangazi wanacheza mpaka kanga zinadondoka. Kabla ya picha ya kwanza tuliwaahidi wote kwamba hazitatoka mikononi mwetu.

Picha tukazipokea kwenye fleshi ileile tuliyokwenda nayo dukani kuchapisha kadi za mwaliko. (Bi harusi mtarajiwa unayesoma hapa, nunua fleshi mpya kwa ajili ya picha zako, isiyowahi kuingia dukani kwa mtu.) Tulipoichomeka nyumbani, kila folda ilikuwa na kimshale kidogo pembeni. Tukabonyeza, kimya. Tukabonyeza tena na tena. Tangu hapo kila fleshi iliyoingia kwenye kompyuta ile ilitoka na vimshale.

Kaka akasema, "Nipeni niipeleke kwa fundi, jioni mnayo."

Mama akamjibu, "Mwanangu, humo mna wake za watu."

Fundi huenda akawa mcha Mungu kutushinda sisi, hatumsemi kwa ubaya. Lakini ili ajue kama picha zimerudi ni lazima azifungue, na ruhusa ya kuzitazama si yetu kuitoa.

Tukampigia simu binti wa mama mkubwa, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Neno lake la kwanza: "Msifomati!" Mmoja wetu kidole kilikuwa kishafika hapohapo. Akatueleza kwamba kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti picha. Kinazificha, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, na anayeibonyeza ndiye anayekiwasha. Tangu Windows 7 fleshi haianzishi programu yenyewe kwa kuchomekwa tu. Kwa hiyo kidole kilichotuponza kilikuwa chetu.

Tukasasisha Microsoft Defender, tukachomoa fleshi zote na modemu ya intaneti. Kisha ndani ya Windows Security, sehemu ya kinga ya virusi, tukachagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta inajizima na kujiwasha, inakaguliwa kabla Windows haijaamka, na kirusi kinakosa pa kujificha. Ni kama robo saa. Tuliiacha tukasali Isha. Baada yake tukaweka ukaguzi kamili, huo ukatukesha.

Fleshi ikaja mwisho. Tuliichomeka bila kugusa kilichomo ndani, tukabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina lake, tukaiagiza Defender iikague. Shotikati zote tukazifuta. Halafu tukafungua kile kidirisha cheusi kinachoitwa cmd na kuandika kama tulivyosomewa kwenye simu:

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Hiyo G ni herufi ya fleshi yetu, yako itazame kwanza. Mara mbili tulikosea nafasi kati ya alama, mara ya tatu ikakubali. Folda zikajitokeza moja baada ya nyingine. Picha ya kwanza kufunguka ilikuwa mikono ya bi harusi, piko bado mbichi, na Mama akaanza kulia kana kwamba anaolewa upya.

Furaha ikakatika tulipokumbuka kwamba fleshi mbili tulishawapa mashangazi, zina picha na zina kirusi. Tukawapigia kuwaomba radhi. Mmoja hakuwa ameigusa. Wa pili alikuwa ameichomeka kwenye kompyuta ya kazini, akaona hazifunguki, akaiacha mezani hapo siku mbili, na ofisi ile ina wanaume. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akasema atakwenda kuichukua mwenyewe asubuhi kabla hawajafika.

Aliipata palepale alipoiacha. Kama kuna aliyeifungua, hatujui. Jumamosi tunakwenda kwake inshaallah, na fleshi mpya na halua, na tutazungumza naye ana kwa ana.