Kabla Mama Hajajua

Kikuubo ni uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, karibu na Nakivubo. Hapo wenye maduka madogo hununua chumvi, mafuta ya kula, sukari na unga, na wateja kutoka Kongo hupatana bei kwa Kiswahili. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba afya ya mtoto mchanga nayo huanzia hapo.

Dada yangu anauza unga Kikuubo. Alipojua kuwa ana mimba, ilikuwa imefikisha wiki tisa. Kliniki walimpa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ameze kila siku. Senga wetu, yaani shangazi, ambaye kwa desturi ya Baganda ndiye mshauri wa mambo ya uzazi, alimletea emmumbwa, vile vijiti vya udongo uliochanganywa na mitishamba.

Vidonge vina faida kubwa. Chuma hutengeneza damu. Mama akipungukiwa damu, anaweza kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto naye huzaliwa na akiba ya chuma aliyoipata tumboni. Mkunga alimwonya dada asimeze kidonge kwa chai, na akaeleza kuwa udongo unaweza kuzuia chuma kuingia mwilini. Senga aliposikia alisema tu, "Basi emmumbwa ingoje, mwanangu."

Habari ya foliki ni tofauti. Sehemu inayokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Isipofungika vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, hali ambayo hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale huitibu kwa upasuaji. Foliki hupunguza hatari hiyo, lakini lazima iwemo mwilini siku hizo za mwanzo. Katika wiki ya tisa, siku hizo zimeshapita. Kidonge kimechelewa, na hakuna wa kulaumiwa, si mama wala mkunga.

Kinachoweza kuwahi ni chakula. Hapa kwetu ni posho, yaani ugali. Tangu 2011, kanuni za Uganda zinavitaka viwanda vikubwa viongeze vitamini na madini, foliki ikiwemo, katika unga wa mahindi na wa ngano. Mashine ndogo za kusaga hazibanwi na kanuni hizo, na unga wake ndio wa bei nafuu. Ndio anaouuza dada, na ndio tunaoupika nyumbani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mteja haulizi vitamini. Anauliza bei."

Hapo amesema kweli. Lakini chumvi inatufundisha jambo. Mteja wa Kikuubo haulizi kama chumvi ina madini joto, kwa kuwa karibu yote inayo. Maskini na tajiri wanayapata bila kuchagua.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa maoni yangu, mashine ndogo zisaidiwe kuongeza foliki bila kupandisha bei ya unga. Mama anayepika posho leo huenda tayari ana mimba asiyoijua.