Mzee aliniuliza: Hilo dude lako linazaa?

Jamani, mwenzenu nimeuza ng'ombe kwa ajili ya gemu. Najua wengine mmeshaanza kucheka, hasa ninyi wa Dar ambao ng'ombe mnamjua akiwa kwenye mshikaki. Kwetu Usukumani ng'ombe ni benki, ni mahari, ni heshima ya mtu mbele ya wenzake. Ukimuuza bila sababu ya maana unapewa majina. Sasa mimi nimemuuza, tena si wangu. Wa mzee!

Tuanze mwanzo. Nina kibanda cha gemu hapa Bariadi mjini, si mbali na stendi. Bati, mabenchi mawili, TV za chogo nne na PlayStation 2 nne. Nilianza na moja tu mwaka 2011, wakati Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Simiyu, na mimi nikajikuta mfanyabiashara wa makao makuu ya mkoa bila kuhamisha hata kiti. Mechi ilikuwa shilingi 200, anayefungwa anaachia pedi. Msimu wa pamba ukifunguliwa, kuanzia Mei hivi, vijana wanashuka kutoka Itilima na Meatu wakiwa na mshiko, wanacheza mpaka Luku inakata. Njoo Januari sasa! Kila mtu yuko shamba, mwenye kibanda nalala kwenye benchi.

Na kabla hamjaniandikia barua za kunilaumu: wanafunzi saa za masomo hawaingii. Mtendaji alishanitembelea mara mbili, mara ya pili hakuja kwa utani. Tangu siku hiyo nikiona sare ya shule kabla ya saa tisa nafukuza mwenyewe kwa ufagio.

Hiyo PS2 msiichezee. Ilitoka Japani Machi 2000, na Sony wameuza zaidi ya milioni 150, hakuna mashine ya gemu ya nyumbani iliyouzwa kuliko hiyo. Marekani ilianza kwa dola 299, mwaka 2009 ikashuka mpaka dola 99. Ndiyo maana ilifika kwetu. Inavumilia vumbi, inavumilia umeme wa kukatika, ikigoma kusoma CD unaifungua, unafuta lenzi kwa pamba, inasoma. Na pamba hapa kwetu hatununui.

Tatizo ni kwamba dunia ilisonga, kibanda changu kikabaki. Mpira wa mwisho kutengenezwa kwa PS2 ulikuwa FIFA 14 na PES 2014, yote ya mwaka 2013. Kwa hiyo kwangu Van Persie bado anafunga Manchester United, Gerrard bado nahodha wa Liverpool, Messi hajawahi kulia pale Barcelona. Kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika. Kuna dogo mmoja, siku hizi ni dereva wa lori, alikaa wiki nzima kwenye PES anabadilisha timu moja moja. Akatengeneza Simba, akatengeneza Yanga, jezi na majina, halafu akatengeneza timu ya mtaa wetu na sisi wote tumo. Mimi nipo golini. Sijui alinikasirikia nini, kanipa urefu wa mtoto wa darasa la nne. Vyote hivyo viko kwenye memori kadi ya MB 8 na watu walikuwa wanapanga foleni kucheza timu ya mtaa dhidi ya Barcelona.

Basi bwana, mwaka 2024 likafunguliwa banda jingine mtaa wa pili. TV bapa, feni, PS4 mbili na FC 24. Ndani ya mwezi mmoja wateja wangu wakubwa wote wakahama. Nikamkamata mmoja sokoni, nikamuuliza kulikoni. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, kwako Mbappé hayupo."

Sikuwa na jibu. Usiku nikahesabu makusanyo, shilingi elfu tatu na mia nne. Nina mke na watoto wawili.

Hapa lazima niwaeleze hii habari ya majina, maana naulizwa kila siku kama FC ni feki. Si feki. EA walikuwa wanatoa FIFA tangu 1993, wakashindwana na FIFA yenyewe kuhusu jina. FIFA 23 ndiyo ikawa ya mwisho, Septemba 2023 ikaja EA Sports FC 24. Watengenezaji ni wale wale, wachezaji wale wale, kilichobadilika ni jina kwenye kasha. Mpinzani wao Konami naye aliliacha jina la PES mwaka 2021 akaleta eFootball, ya bure. Ya bure, lakini ilipoanza ilikuwa na timu tisa tu na sura za wachezaji zilikuwa kama wameamshwa usiku. Tena inataka intaneti, na bando la kwangu silitoi kwa mtu mwenye shilingi 500.

Mimi maoni yangu ni haya, na nimezicheza zote kwa washkaji. FC 24 ni nzuri, ukitoka kwenye PS2 unaona kama umevuliwa miwani yenye tope. FC 25 imeongeza mchezo wa watano kwa watano unaoitwa Rush, bomba kwa ubishi wa kibandani. FC 26, iliyotoka Septemba 26, 2025, wameigawa namna mbili: moja ya taratibu kama mpira wa kwenye TV, nyingine ya mbio kwa wanaopenda ligi. Vijana wa Bariadi wanataka mbio tu. Ila kulipa bei nzima kila Septemba kwa jezi mpya na usajili mpya, hapo naona tunapigwa. Msisahau kuwa mwezi huo huo lilitangazwa dili la EA kununuliwa kwa dola bilioni 55, mfuko wa Saudi Arabia ukiwemo. Shilingi mia tano zetu ziko humo ndani jamani!

Nirudi kwenye ng'ombe. Nilipiga mahesabu nikaona bila mashine mpya nafunga. Nikapanda basi mpaka Mwanza, nikazunguka maduka. PS5 ilinitoa jasho. Ilitoka 2020 kwa dola 499 huko Marekani, na badala ya kushuka kama PS2, Agosti 2025 Sony wakapandisha huko huko kwa dola 50. Ikifika Mwanza usiulize. Muuzaji akaniambia ukiuza ng'ombe wawili unaipata. Alikuwa anatania, alivyoona lafudhi yangu. Mimi nikachukulia ni ushauri.

Jumapili nikakodi bodaboda mpaka kwa mzee, Itilima. Nikamkuta chini ya mwembe. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za wajukuu, za mvua, za mjini. Mzee wangu hakimbiliwi na maneno. Nilipomaliza kueleza shida yangu akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza:

"Hilo dude lako linazaa?"

"Hapana baba. Lakini linaingiza hela kila siku."

"Maziwa je?"

"Halitoi."

"Likifa, ngozi yake unauza?"

Mama alikuwa anapepeta karanga pembeni, nikaona mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja kuomba ng'ombe wawili nikiwa na miaka 36, na nilijisikia nina miaka kumi.

Akanipa mmoja. Si zawadi, mkopo. Mwisho wa msimu wa pamba nirudishe mtamba, na si mtamba wa kukonda. Bei tuliyomuuzia mnadani siitaji hapa, kuna watu wanamsomea mzee gazeti.

Kwa ng'ombe mmoja PS5 haipo. Nikanunua PS4 iliyotumika, pedi mbili, na CD mbili: FC 24 na FIFA 20 kama nyongeza. Wala sikujuta sana, maana kumbe FC 26 yenyewe bado wameitoa na kwa PS4. Vitu vya kisasa zaidi vya uchezaji wameviweka PS5 tu, lakini mteja wangu anataka Mbappé, na Mbappé yupo. Dosari ni moja: dude likicheza saa mbili linanguruma kama mashine ya kukoboa. Nimelitoboa boksi la juu, nimeweka feni, sasa hivi linapuliziwa kuliko mimi.

Cha ajabu, CD iliyovuta watu wiki ya kwanza ilikuwa ile FIFA 20 ya nyongeza. Dogo mmoja alikuwa anapekua timu za Ubelgiji akapiga kelele. Samatta! Mbwana Samatta, na Genk yake, jina na namba. Januari 2020 alihamia Aston Villa, lakini CD ilitoka Septemba 2019 na mimi sina intaneti ya kuisasisha, kwa hiyo kwangu hajaondoka. Siku ile tulicheza Genk na Liverpool mara kumi na moja. Ninyi mlioona bao lake pale Anfield Novemba 2019 mnanielewa. Mbongo kwenye gemu, ametengenezwa na Wazungu wenyewe, si dogo wetu wa memori kadi!

Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Swali lao sasa ni GTA VI. Video yake ya kwanza ilitoka Desemba 2023, ikaahidiwa 2025, ikasogezwa Mei 2026, halafu Novemba 2025 wakatangaza kusogeza tena mpaka Novemba 19, 2026. Na waliyoitangaza ni ya PS5 na Xbox mpya, PS4 haimo. Nimewaambia wateja wangu ukweli: nikimwendea mzee tena kwa habari hiyo, atakayeuzwa mnadani ni mimi.

PS2 sijaziuza. Mbili zimebaki kwa ajili ya watoto, shilingi 100, na ile timu ya mtaa bado inacheza. Dereva wetu wa lori akipita Bariadi lazima asimame acheze mechi mbili. Urefu wangu golini amekataa kuubadilisha.

Wiki iliyopita mzee alikuja mjini hospitali, akapitia kibandani. Nikampa kiti karibu na feni. Alikaa kama saa nzima, fimbo katikati ya magoti, hatazami TV kabisa, anatazama mkono wangu kila unapoingia kwenye kopo la hela. Alipoinuka akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu:

"Haya. Limezaa?"

Nikamwambia, "Baba, lina mimba."

Kibanda kizima kikaangua kicheko, naye akacheka mpaka akakohoa. Akavaa kofia yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Ya miezi mingapi?"