Tukiite Nini?

Mwezi wa pili mama zetu walituomba tuwaandikie barua ya Kiingereza, nasi tukakwama kwenye mstari wa kwanza. Barua ilihusu kipande cha majani nyuma ya maghorofa ambamo watatu kati yetu tumekulia, mashariki mwa London. Kina pembe tatu, benchi lililovunjika mguu, na mti mmoja mkubwa wa ile aina iliyojaa mjini humu, ambayo gome lake hubanduka kama rangi kuukuu ukutani. Hakina geti wala kibao. Mwenye ardhi alikuwa ameanza kusema kwamba hapo hapana kitu, na mahali pasipo na kitu katika mji huu hapakawii kupata ghorofa.

Kwa Kiswahili mama zetu hupaita Mti Mmoja, na aliyezoea Mnazi Mmoja ya Unguja au ya Dar es Salaam, au Mwembe Tayari ya Mombasa, haulizi kwa nini. Lakini hilo ni jina tu. Tulipotaka kusema ni mahali pa aina gani, hata Kiswahili kilitutupa. Bustani? Hakuna anayepalilia wala kumwagilia. Kiwanja? Soma matangazo ya Dar es Salaam uone: kiwanja ndicho kinachouzwa ili mtu ajenge. Neno hilo mwenye ardhi angelipenda sana.

Tukarudi kwenye Kiingereza, na huko kila neno tulilolishika lilikuwa na mwenyewe. "Park" zamani ilikuwa ardhi iliyozungushiwa uzio, bwana mkubwa akafuga humo kulungu wa kuwinda. "Garden" ina mkulima wake. "Square" ni ya wenye nyumba zinazoizunguka, na zipo mpaka leo ambazo wakazi tu ndio wenye funguo. Wewe mpita njia utaangalia maua kupitia vyuma. Hata hivyo square zina bahati, maana sheria ya mwaka 1931 inazilinda zaidi ya 400 za London zisijengwe. Mahali petu hapamo.

Mwenzetu anayesoma mipango miji alikuja na "pocket park", yaani bustani ya mfukoni, akalitetea kwa moyo wote. Alitusimulia Paley Park ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1967, yenye ukubwa wa mita za mraba 390 hivi, ambako watu hula chakula cha mchana mbele ya ukuta unaoporomosha maji. Mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mfuko wa nani?" Tukalifuta.

Likabaki "green". Masikioni mwetu hiyo ni rangi, ingawa kijani nacho kimetokana na jani, na Waingereza nao wametoa "green" na "grass" katika shina moja. Lakini katika sheria ya mwaka 2006 neno hilo lina nguvu nyingine. Ni ardhi ambayo wakazi wa mtaa wameitumia kwa michezo na mapumziko kwa miaka 20 au zaidi, na ikishasajiliwa, kuijenga ni kazi ngumu mno. Sharti ni kwamba wawe wameitumia bila nguvu, bila kificho, na bila ruhusa.

Kwenye ruhusa hapo tulikaa jioni nzima. Sisi tumelelewa kwa hodi. Hata kwa shangazi, mlango ukiwa wazi, unapiga hodi mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Sasa ikabidi tuwaeleze mama zetu kwamba laiti wangemwendea mwenye ardhi kwa adabu zao, wakaomba kutandika mkeka, naye akawakubalia, leo wasingekuwa na la kudai.

"Kwa hiyo tumefaidika kwa kukosa adabu?" akauliza mmoja.

Tukamjibu, "Hapana, mama. Sheria inataka muwe mmekaa pale kama watu wa pale."

Akanyamaza kidogo. Kisha akatuambia kwamba miaka ile ya mwanzo alikuwa akikaa ukingoni, karibu na njia, ili akifukuzwa aondoke upesi. Hatukuwa tumewahi kulisikia hilo. Sisi tulikuwa katikati, tunacheza mpira.

Basi barua ikawa fomu. Fomu inataka mashahidi wa miaka 20, nasi umri wetu ndio huo. Mmoja wetu ana picha yake akiwa mchanga, amelazwa chini ya mti ule ndani ya kanga, tarehe imeandikwa nyuma kwa mkono wa baba yake. Ilibidi tufanye haraka, kwa sababu tangu mwaka 2013 ombi la ujenzi likishatangazwa, mlango wa kusajili hufungwa.

Mahali pa aina ya ardhi hapakutupa shida tena. Ila fomu inauliza pia jina ambalo mahali hapo hujulikana nalo. Tukaandika Mti Mmoja, bila tafsiri, kisha Triangle, kama wanavyopaita majirani wengine. Yule mama aliyeuliza habari ya mfuko aliisoma tahajia mara mbili kabla ya kutia saini.