Saa Isiyosengenya

Nilipompelekea mama saa janja kule Tanga, nilijiambia kuwa namnunulia yeye. Imenichukua muda mrefu, pengine mrefu kuliko inavyomstahili mtu wa umri wangu, kuanza kushuku kwamba saa ile niliinunua kwa ajili yangu, na mkono tu ndio uliokuwa wake. Mama ana presha. Anaishi na mjukuu mmoja anayesoma sekondari. Mimi niko Dar es Salaam, na kati yetu kuna safari ninayoiahidi kila mwezi na kuitimiza mara tatu au nne kwa mwaka. Saa ilikuwa namna ya kuifupisha safari hiyo. Mapigo ya moyo wake, hatua zake na usingizi wake vyote viliingia kwenye simu yangu, nami nikavitazama nikiwa ndani ya daladala au kwenye foleni ya benki, nikajiona mtoto mwema.

Siku hizo nilikuwa na orodha ya mambo niliyotaka saa za kizazi kijacho zirekebishe. Nadhani kila anayevaa saa ya namna hii ana orodha yake, na karibu zote huanzia mahali pamoja, kwenye chaji. Marehemu baba alivaa Casio F-91W, ile saa ya plastiki iliyotoka mwaka 1989, ambayo betri yake hukaa takriban miaka saba. Sikumbuki kumwona akiitafutia umeme. Apple Watch ya kwanza ilipoingia sokoni mwaka 2015, watengenezaji walitaja saa 18 za matumizi, na katika toleo lao la kawaida la mwaka 2024 namba iliyotajwa ilikuwa bado 18. Sababu zake naziona. Kioo cha rangi, taa za kupimia mapigo na mawasiliano na simu havipumziki, na vyote vinategemea betri ndogo kama sarafu. Lakini ilikuwapo pia Pebble, iliyochangiwa na watu wa kawaida zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, yenye kioo kisichokula chaji nyingi na betri ya hadi siku saba. Kampuni ile ilifungwa mwaka 2016. Kwa hiyo kukaa na chaji kunawezekana, ila mtu lazima akubali kuacha kitu, na sisi wanunuzi hatukupenda kuacha chochote.

Kwa mama jambo hili lilikuwa na uzito ambao sikuuona mwanzoni. Wakati wake wa kuchaji ulikuwa usiku, na usiku ndio niliotaka kuutazama. Nikamwambia achaji jioni. Jioni umeme hukatika. Nikamwambia basi achaji asubuhi anapopika, naye akanijibu kwa upole kwamba asubuhi ndipo anapotaka kujua saa. Sikulichukulia hilo kama jibu. Nililiona kama ugumu wa kuuzunguka, na nikaendelea kuuzunguka.

Kisha ukafika usiku wa kuamkia Idi. Kuanzia magharibi simu yangu haikuonyesha namba yoyote, ila vistari viwili mahali pa mapigo ya moyo. Nilimpigia, simu ikaita bila kupokelewa. Nikapiga tena. Kufika saa tano usiku nilikuwa nimeshajenga msiba mzima kichwani, nikampigia jirani na kumwamsha, naye akamtuma kijana wake akagonge mlango. Mama alitoka mikono ameiinua kama anayeomba dua, hina bado mbichi. Wajukuu walikuwa wamemjaa chumbani, wanapakana, wanacheka, saa ipo dirishani alikoivua, na simu haikusikika kwa kelele zao. Kijana aliona aibu, jirani aliona aibu, na mama, ambaye hakuwa na kosa, ndiye aliyewaomba radhi wote.

Kesho yake baada ya swala alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniombea dua kama kila Idi, kisha akanyamaza kidogo na kusema, "Mwanangu, hii saa yako inanisengenya."

Nimekaa na neno hilo muda mrefu. Mwanzoni nililitetea lile dude kimoyomoyo, kwamba halijasema uongo wowote. Lakini sisi tuliofundwa chuoni tukiwa wadogo tunajua kuwa kumsengenya mtu si lazima umzulie. Ukimsemea uongo, huo ni uzushi, na una hesabu yake. Masengenyo ni ukweli unaosemwa nyuma ya mtu, ukweli ambao mwenyewe angechukia kuusikia ukisemwa. Na saa ya mama ilikuwa ikifanya hivyo kila dakika kumi. Ilisema amelala saa ngapi. Ilisema ameamka mara tatu. Ilisema moyo wake ulikwenda mbio Jumanne alasiri, nami nikapiga simu kuuliza kulikoni, na kumbe alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

Nilipokwenda Tanga wiki chache baadaye, mjukuu aliniambia jambo lingine, si kwa kunishtaki, ila katika mazungumzo tu. Alisema kuna usiku bibi hutembea ukumbini, anakwenda na kurudi, mpaka duara la kwenye saa lijae. Anasema lisipojaa nitapiga simu na kusononeka. Lengo la hatua nilimwekea mimi, hatua 10,000 kwa siku, kwa sababu ndiyo namba niliyoizoea. Sikuwa nimejiuliza imetoka wapi. Imetoka Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua ikakipa jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, na biashara ikawa desturi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walifariki kwa kiwango cha chini sana kuliko waliotembea 2,700 hivi, na kwamba baada ya hatua 7,500 faida haikuonekana kuongezeka. Mama, mwenye magoti yake, alikuwa akizunguka ukumbini gizani kwa ajili ya jina la biashara na kwa ajili ya sauti yangu.

Nililipunguza lengo siku hiyohiyo. Sikupata maneno ya kumwomba radhi, nikamwuliza badala yake, kwa mara ya kwanza, yeye angependa nini kirekebishwe katika saa ile. Alifikiri, akaniuliza kwa nini haisemi saa.

Sikumwelewa. Akanionyesha. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini usiku, na kioo kiliandika 19:40. Saa ya mishale ya ukutani haimsumbui, maana mshale unapogota saba yeye husoma moja iliyo upande wa pili, kama walivyosoma wazazi wake. Lakini namba tupu hazina upande wa pili. Kila alipoutazama mkono ilimbidi apige hesabu, na nyakati nyingine, akiwa amechoka, alikosea na kuona haya. Miaka yote hii nimekuwa nikidai betri na vipimo vipya, na halikuwahi kunijia wazo kwamba chombo kinachoitwa saa hakijui saa zetu, ingawa watu wanaohesabu saa kuanzia mapambazuko ni mamilioni.

Usiku ule nilikaa na simu yake hadi nikapata njia. Nilizima mpangilio wa kufuata saa ya mtandao, nikachagua Tokyo, ambayo iko mbele yetu kwa saa sita kamili, nikaweka hesabu ya saa kumi na mbili. Namba zikageuka kuwa 1:40. Kesho yake magharibi tuligundua jambo ambalo sikulipanga. Ilikuwa Alhamisi, na ilipotimia saa kumi na mbili jioni, kabla adhana haijalia, saa iliandika Ijumaa. Mama aliitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu nimpe kitu kile. Kwake usiku hutangulia mchana, na jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. "Sasa imejua," alisema.

Tangu hapo orodha yangu imebadilika, ingawa sina hakika imetulia. Bado nataka chaji ya siku nyingi. Bado nataka presha ipimwe kwenye mkono bila usumbufu, na sukari pia, japo najua mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha Februari 2024 kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Haikuwa imeidhinisha hata moja. Nataka pia tuambiwe wazi vipimo hivi vimejaribiwa kwa ngozi za nani. Hivi vinavyosoma oksijeni huangaza nuru kwenye ngozi na kupima inayorudi, na weusi wa ngozi nao hula nuru. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa hata vipimo vya kidoleni vinavyotumika hospitalini vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Niliposoma hayo nilikumbuka usiku niliokesha kwa sababu ya namba, na usiku mwingine niliolala vizuri kwa sababu ya namba, na sikujua usiku upi ulikuwa na haki.

Lakini kilichopanda juu ya orodha ni kile alichokisema mama asubuhi ya Idi. Nataka saa ambayo anayeivaa ndiye mwenye siri. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka katika kundi la taarifa nyeti, zinazotaka ridhaa ya mwenyewe. Nakumbuka siku nilipomfungulia saa ile. Kulikuwa na kurasa ndefu za Kiingereza na kitufe cha kukubali. Mama alikuwa jikoni. Kitufe nilikibonyeza mimi.

Ningependa saa ijayo imuulize yeye, kwa Kiswahili na kwa sauti. Leo niseme, au ninyamaze? Nimwambie mwanao kuwa hukulala, au libaki kati yetu? Sijui kama kampuni yoyote itaona thamani ya saa inayojua kunyamaza. Sijui hata kama mimi ningeweza kuipenda, kwa sababu hofu yangu haijaondoka. Presha ni presha, na ipo siku ambayo vistari viwili vitakuwa na maana ile niliyoiogopa.

Juzi vilitokea tena, kuanzia alasiri. Nilikuwa nyumbani. Nilitafuta jina lake kwenye simu, nikalitazama, nikaiweka simu mezani kifudifudi. Nikaswali magharibi bila utulivu. Nikala. Kufika saa tatu kasoro usiku niliigeuza simu, na mahali pa vistari palikuwa na namba, 71. Sijui kama alikuwa amekumbuka tu kuivaa, au kama kule Tanga alinifikiria nimekaa hivi, akainuka kunichukulia saa dirishani.