Twende kwa Mwendo wa Watoto



Huku wilaya ya Serengeti mvua zimepungua, barabara zimeanza kukauka, na vijana wameanza kutuuliza kila baada ya Misa: "Baba Paroko, mwaka huu tunakwenda wapi?" Kabla hatujawajibu, tumeona vema kutafakari nanyi jambo moja tulilojifunza kwa kukosea.

Sisi tunaishi mlangoni mwa nyumba ambayo walimwengu huvuka bahari kuja kuitazama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Usiku tunasikia fisi, na pengine simba. Hata hivyo, siku moja tulipowauliza watoto wa Utoto Mtakatifu ni nani kati yao amewahi kupita lango la Ikoma, katika watoto zaidi ya sitini walinyoosha mikono wanne. Tukaona aibu, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa na miaka mitatu katika parokia hii na tulikuwa tumepita lango hilo mara mbili tu, zote mbili tukiwasindikiza wageni kutoka Ulaya.

Basi mwaka juzi tukaandaa safari ya siku moja. Tukatangaza kanisani kwamba safari ni ya kwaya na ya vijana, yaani ya wenye nguvu. Wazee na watoto wadogo wabaki wakituombea. Tulidhani tumesema kwa busara. Gari lilikuwa na viti 28, njia ni ya vumbi, na tulitaka kuona mengi kabla ya jua kuzama. Tukaondoka saa 11 alfajiri, tukakimbia huku na huku mchana kutwa, tukarudi usiku tukiwa na picha nyingi sana. Wanakwaya walirudi pia na alama za kung'atwa, kwa maana walivaa sare zao za bluu, na hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi kuliko rangi nyingine zote.

Jumapili iliyofuata, mzee mmoja wa jumuiya yetu, mwenye umri wa miaka themanini hivi, alitungoja nje ya sakristia. Vijana humwita Tata, kwa heshima ya Kikurya. Akatuuliza: "Baba, mlivuka mto gani?" Hatukujua. "Kile kilima chenye mawe makubwa mlikiacha mkono gani?" Hatukukumbuka. "Na ule mti mliokula chakula chini yake, ni mti gani?" Tukanyamaza. Mzee akatikisa kichwa, akasema pasipo ukali wowote: "Basi Baba, mlikwenda kuangalia vioo vya gari."

Ndugu zangu, maneno hayo yalituuma. Seminarini tulifundishwa falsafa na teolojia kwa miaka mingi, lakini nchi tuliyotumwa kuichunga hatukuweza kuisoma hata ukurasa mmoja. Tulipomwuliza mzee amejuaje mambo hayo yote, alitutazama kitambo, kisha akasema kwamba huko aliwahi kuingia mara nyingi, ila hakuwahi kupita langoni.

Hapa yatupasa kueleza kidogo, hasa kwa vijana. Mwaka 1959 mipaka ya hifadhi ilibadilishwa: Ngorongoro ikatengwa, na upande wa kaskazini ukaongezwa. Katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, ng'ambo ya Mto Mara upande wa Tarime, nalo likaingizwa hifadhini. Wazee wetu walikuwa watoto wakati huo. Mahali ambapo baba zao walichunga na kuwinda, wao walipokua wakakuta ni kosa kukanyaga. Wengi waliendelea kuingia usiku, wakatega nyaya, wakaleta kimoro, yaani nyama pori iliyokaushwa, na wengine wakaishia gerezani. Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Hatusemi haya kuhalalisha ujangili, kwani waya hauchagui, humnasa mwenye mimba na mwenye kunyonyesha. Tunayasema ili tuelewe kwa nini mtu anaweza kuishi miaka themanini karibu na lango na kuliogopa.

Mwaka jana tukaandaa safari ya pili, na safari hii tulianza kuandikisha kwa kupindua orodha: wazee kwanza, kisha watoto, kisha akina mama, na vijana wakawa wa mwisho, ili wawe miguu na mikono ya wengine. Vijana walinung'unika. Tukawakumbusha habari ya Yakobo katika kitabu cha Mwanzo. Ndugu yake Esau alipotaka waandamane na kwenda upesi, Yakobo alikataa kwa adabu, kwa sababu watoto wake walikuwa wachanga na mifugo yake ilikuwa inanyonyesha. Angekwenda polepole, kwa kadiri walivyoweza hao. Wafugaji wa Kikurya hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Anayeswaga ng'ombe kwa mwendo wa dume lenye nguvu hufika na dume peke yake.

Tulipofika langoni, mzee wetu alikuwa amekaa kiti cha mbele, kitambulisho chake cha taifa mkononi, na mkono ulikuwa unatetemeka. Askari wa hifadhi, kijana wa umri wa mjukuu wake, alisogea dirishani akasema: "Shikamoo mzee, karibu sana." Mzee akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo. Gari likapita. Hakusema neno kwa muda mrefu, nasi hatukumsemesha.

Baadaye akaanza kusema, na hapo ndipo safari ilipoanza kweli. Akawaonyesha watoto vijito viwili vilivyokauka, akawaeleza kwamba maji yake huenda Mto Grumeti, na Grumeti humwagika katika Ziwa Victoria, hivyo samaki anayeliwa Musoma na nyumbu anayekunywa hapa wanashiriki maji yaleyale. Akawafundisha kutazama ndege wanaozunguka juu, kwani huenda chini yao yumo simba na windo lake. Akawaeleza kwamba nyumbu, ambao ni zaidi ya milioni moja, huzaa kusini mwanzoni mwa mwaka, hupita kwetu na kwa wenzetu wa Grumeti kati ya Mei na Julai, kisha huvuka Mto Mara kuelekea Kenya, na kurudi mvua zinapoanza kunyesha. Wanakwaya waliokuwepo safari ya kwanza wakatazamana. Walikuwa wamepita palepale, wasione kitu.

Tulisimama mara nyingi. Wazee hawawezi kukaa garini saa tatu pasipo kujisaidia, na watoto vivyo hivyo, wala ndani ya hifadhi mtu haruhusiwi kushuka mahali popote apendapo. Kwa hiyo tulipanga vituo mapema, tukaacha nusu ya mambo tuliyotaka kuona. Katika bwawa la viboko la Retima, kaskazini mwa Seronera, tulikaa karibu saa nzima. Viboko walikuwa wamelundikana kama magunia, wakipiga chafya na kunuka vibaya, na watoto walicheka mpaka bibi mmoja akasema hajasikia kicheko cha namna ile tangu mumewe alipofariki.

Tulipokuwa tunarudi, kundi la tembo lilivuka njia, na ndama mmoja akiwa katikati ya miguu ya mama yake. Kijana mmoja, ambaye shamba la kwao liliwahi kuliwa lote kwa usiku mmoja, akatuuliza kwa uchungu: "Baba, kwa nini hawa walindwe na sisi tulale njaa?" Gari lote likanyamaza. Tulijua kwamba serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa, lakini tulijua pia kwamba kifuta jasho hakijazi ghala. Hatukuwa na jibu lililotosha, na hatukutaka kumpa lisilotosha. Aliyesema ni mama mmoja aliyekesha misimu mingi shambani akipiga madebe kuwafukuza tembo. Aliwaona kila mara usiku, kama vivuli, mchana hakuwahi. Akawatazama mpaka wakaisha kupita, kisha akasema: "Kumbe nao wana watoto. Lakini mahindi yangu ni mahindi yangu."

Tangu siku hiyo tumeyatafakari maneno yale mara nyingi kuliko hotuba nyingi tulizozisikia. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Mama yule, ambaye hajausoma waraka huo, alivishika vyote viwili mkononi pasipo kuangusha kimoja. Na asingevishika kama angebaki nyumbani akituombea.

Lango lilipokuwa limebaki nyuma yetu, tulimwuliza mzee wetu ameionaje siku. Akajibu: "Baba, mimi nilikuwa naingia usiku. Leo nimeingia mchana."

Ndugu wasomaji, haya ndiyo tunayotaka kuyasema juma hili. Safari ya familia au ya parokia isipimwe kwa wingi wa mambo yaliyoonwa, bali kwa nani aliyekuwemo. Sisi wa Mara ni watu wa rika. Tunajua kila mtu alitahiriwa na nani na anakaa na nani. Ni vema, lakini tukisafiri kwa rika moja tu, vijana huwa na macho bila kumbukumbu, na wazee hubaki na kumbukumbu bila macho ya kuwapa.

Kwa mwaka huu, basi, tunapendekeza safari tatu za siku moja, nanyi mnaweza kuzifanya hata pasipo paroko.

Ya kwanza ni Butiama. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule Mwalimu alipofariki tarehe 14 Oktoba na kuzikwa kijijini kwake. Hapo hakuna safari ndefu ya miguu, kuna vivuli na mawe ya kupumzikia, hivyo panawafaa sana wazee na akina mama wenye watoto wachanga. Mpeni mzee nafasi ya kuwaeleza wajukuu alikuwa wapi siku ya mazishi. Hilo halimo katika kabati lolote la makumbusho.

Ya pili ni kwenda Tarime kupitia Nyamongo, njia ya takriban kilometa 90 kutoka Mugumu. Simameni mnapofika Mto Mara, mto unaotoka nyanda za Mau nchini Kenya na kuishia ziwani. Utazameni kutoka darajani wala msiwaruhusu watoto kushuka majini, kwa sababu ya mamba. Kisha pandeni vilima vya Tarime, penye migomba, kahawa na upepo wa baridi, chukueni makoti. Vijana wapande hadi juu, wazee wabaki katikati, na watakaofika juu wasile mpaka warudi chini wale pamoja.

Ya tatu ni Serengeti yenyewe, kupitia Ikoma. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na watoto walio chini ya miaka 5 huingia bure. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni, kwa hiyo fuatilieni namba ya malipo mapema. Chukueni vitambulisho, kofia, maji ya kutosha, na uji wa wazee katika chupa ya chai. Mifuko ya plastiki msibebe; ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Msiwape nyani chakula. Na wanakwaya, tafadhali, acheni sare za bluu nyumbani.

Orodha ya safari ya Serengeti itafunguliwa Jumapili ijayo katika ofisi ya parokia. Juma la kwanza wataandikwa wazee na watoto peke yao. Asiye na nauli asijifiche, aje tuzungumze. Viti vinne vimekwisha kulipiwa na watu ambao hawapendi kutajwa. Mzee wetu ameomba kiti kilekile cha mbele, nasi tumekwisha kumwandikia.

Tuonane langoni, saa 11 alfajiri. Mungu awabariki nyote.