Handeni na Korogwe: Si Kila Jani ni Dawa

Ukitaja Tanga mbele ya marafiki, utani unaanza hapo hapo: mahaba, na dawa za mahaba. Mkipata wikiendi ndefu wewe na mwenzi wako, nendeni mkaijue hiyo mimea wenyewe. Kutoka Dar es Salaam mnapita Chalinze, mnafika Mkata na kukata kushoto kwenda Handeni. Kutoka hapo lami inawapeleka Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge na mto Pangani.

Handeni ni kwa Wazigua. Korogwe mtawakuta pia Wasambaa na Wabondei. Kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuwa na majina matatu, na jina moja likabeba mimea miwili. Jina peke yake halitoshi, lazima uoneshwe mmea wenyewe na mtu anayeujua.

Vinavyolika
Mchunga ni mboga ya porini yenye maua ya njano, na ukivunja jani linatoa utomvu mweupe. Ni mchungu kweli kweli, lakini upikwe kwa tui la nazi, uletewe na ugali wa moto, utaomba uongezwe. Wenyeji huutumia pia kama dawa ya tumbo.

Vinavyodanganya
Mtunguja, ambao wengine huuita ndulele, ni wa ukoo mmoja na nyanya, ngogwe na mnavu. Una miiba, maua ya zambarau na matunda yanayoiva njano, ya kuvutia macho. Usiyaonje! Mizizi yake hutumika katika tiba za jadi, lakini tunda lina sumu.

Mnyonyo nao ni hivyo hivyo. Mafuta yake yaliyoandaliwa vizuri ni dawa ya kuharisha inayojulikana dunia nzima, lakini mbegu zake zikitafunwa zinaweza kuua. Na utupa, wenye maua mazuri meupe au ya zambarau, majani yake yakitwangwa na kutiwa mtoni samaki huelea juu. Uvuvi huo ni haramu.

Na dawa ya mapenzi je?
Tiba asili si jambo la kubeza. Miaka ya 1990, mkoani Tanga, madaktari wa hospitali na waganga wa jadi walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kupitia Tanga AIDS Working Group. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo inataka waganga wasajiliwe. Mganga anayejiamini hatakasirika ukiomba kuona cheti chake.

Lakini unga usio na jina, unaoambiwa umtilie mwenzio kwenye chai bila yeye kujua, huo ukatae. Hujui ni mzizi gani, kipimo gani, wala utagombana vipi na dawa nyingine anazotumia. Unayemtaka akupende ndiye unayemweka hatarini! Na siku akigundua, imani mliyoijenga miaka yote inaondoka.

Mkiwa huko, ulizeni mambo matatu: ni sehemu gani ya mmea inatumika, inaandaliwaje, na nani haruhusiwi kuitumia. Mtu akila asichokijua na kuumwa, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni hospitali pamoja na kipande cha mmea wenyewe.

Zawadi ya kurudi nayo nyumbani? Fungu la mchunga, mkapike pamoja.