Usifagie Usiku

Wazee wetu wa visiwani wana makatazo mengi ambayo hawakuona haja ya kuyatolea sababu. Usikae mlangoni. Usipige mluzi usiku. Usifagie nyumba jua likishakuchwa. Ukiuliza kwa nini, hujibiwa kwa mkato: ati riziki hutoka. Nami, kama vijana wengi waliopita skuli, nilikuwa nikicheka. Nilicheka mpaka mwezi wa Juni 2008, nilipofagia usiku, na kikatoka nyumbani kitu ambacho mpaka leo sijapata kukirejesha.

Mama yetu alifariki Januari ya mwaka huo. Mwezi Mei, dada yake wa pekee, ambaye sisi humwita Mama Mkubwa, alipiga simu kutoka Maskati kusema kwamba anakuja kutuhani. Aliondoka Unguja mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akiwa mke kijana. Mama wakati huo alikuwa na miaka 13. Hakupata kurudi tena. Kwa miaka 44 ndugu hawa wawili walipendana kwa barua, kisha kwa kanda za kaseti, kisha kwa simu.

Nyumba yetu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, ule uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hadhi hiyo haiwazuii mchwa kula boriti. Ni nyumba ya ghorofa moja, kuta zake za mawe na chokaa, vyumba vyake virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu. Humo ndimo alimozaliwa Mama Mkubwa, na humo ndimo alimotoka akiwa bibi harusi. Mimi ndiye niliyebaki nayo. Naungama, ewe msomaji, kwamba habari ya ujio wake ilinitia hofu kabla ya kunitia furaha. Niliona aibu. Niliona kwamba anakuja kukagua amana, na amana imechakaa mikononi mwangu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nasi tulijitia kupona kwa bidii kubwa. Ila tulikuwa gizani. Umeme wa Unguja huletwa kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwezi Mei 2008 ulikatika, kisiwa kizima kikakaa karibu mwezi mmoja bila ya taa. Umeme ukikosekana, pampu hazivuti maji. Mitaani ikawa ni mikokoteni ya madumu tangu alfajiri, na kila dumu lina bei yake. Usafi wa nyumba nzima ukawa ni hesabu: maji haya ya deki, haya ya vyombo, haya ya kutawadha. Deki tulipiga kwa maji ya kisima cha jirani, yenye munyo kidogo, ili maji matamu yabaki kwa chai ya mgeni.

Tulianza juu, maana usafi wa nyumba za mawe huanzia kwenye boriti na kumalizikia mlangoni. Anayeanzia chini hufanya kazi mara mbili. Nilifunga ufagio kwenye upondo nikaondoa tandabui na vumbi la miaka. Mke wangu alitoa magodoro ya sufi juani, akayapiga kwa fimbo mpaka mtaa mzima ukajua kwamba tuna mgeni. Mito ilianikwa. Kanga za marehemu zilifuliwa, zikakunjwa, zikarudishwa sandukuni. Masinia na mabuli ya shaba tuliyasugua kwa majivu na ukwaju, mpaka uso wa mtu ukaonekana ndani yake. Mashubaka yote ukutani tuliyatoa kila kilichokuwamo: chupa tupu za dawa, vipande vya ubani, vishikizo, miwani yenye jicho moja, karatasi zenye namba za simu zisizo na majina. Tulipanguza, tukapanga vikombe vya kaure. Karatasi zile nilizichoma.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasili mgeni, kilibaki chumba kimoja: stoo iliyo nyuma ya jiko, alimokuwa mama akiweka mchele, mkaa na mitungi. Mke wangu alisema tuifunge kwa kufuli tukalale. Mgeni haingii stoo. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa na agizo. Siku chache kabla ya kufa kwake, mama aliniita karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Ule ukuta wa stoo, mwanangu, uangalieni." Nilimwambia, "Inshallah, mama." Nilijua kwamba ukuta ule una unyevu na unachubuka. Marehemu baba alikuwa akituonya tusiupake saruji, kwani saruji huuziba ukuta wa chokaa usipumue, chumvi ikabaki ndani ikala mawe. Nikalichukua agizo la mama kuwa ni la ukarabati. Nikaona fahari kwamba nitalitimiza usiku huo huo, kabla dada yake hajakanyaga kizingiti.

Nilikuwa na pipa la chokaa niliyoizima na kuichuja tangu wiki iliyotangulia. Nikatundika kandili msumarini, nikaukwangua ukuta kwa kisu kipana. Chokaa mbichi ina tabia yake: ukiipaka huonekana kama maji ya mchele, kila kilicho nyuma yake kikawa kinakutazama, kisha hukauka pole pole ikawa nyeupe pepe. Kwa mwanga ule hafifu niliona mabaka meusi na michoromichoro, nikadhani ni masizi ya magunia ya mkaa yaliyoegemezwa pale miaka nenda miaka rudi. Nikapaka mara ya pili. Kisha nikafagia maganda yote yaliyokwanguka, nikayatia kapuni, nikayatoa nje. Ilikuwa saa sita ya usiku.

Asubuhi alikuja dada yangu kutoka Ng'ambo kutusaidia kupika. Alikwenda stoo kuchukua mchele, akasimama mlangoni na ungo mkononi.

"Nani kapaka chokaa huku?"

"Mimi," nikajibu, nikingoja sifa.

Alinitazama kitambo. "Haya," akasema, akaingia kupima mchele wake. Hakusema neno jengine mpaka adhuhuri.

Mama Mkubwa alifika baada ya sala ya adhuhuri. Gari haziingii vichochoro vya Kiponda, kwa hivyo alitembea, ameshikwa mkono na kijana wetu mmoja, akisimama kila kona kama anayesoma maandishi. Tulikuwa tumeshafukiza udi. Asumini zilikuwa zimetandazwa kwenye sinia ukumbini. Tukambusu mkono, "Shikamoo, Mama Mkubwa," akaitikia marahaba, akatukumbatia mmoja mmoja, akalia, tukalia. Kisha akaomba atembezwe nyumba.

Alisifu kila chumba. "Mmetakasa," alikuwa akisema, "mmetakasa, Mwenyezi Mungu awatakase." Kila aliposifu, kifua changu kilijaa. Katika chumba cha marehemu aliketi kitandani, akauchukua mto, akauinua usoni, akaunusa kwa muda mrefu. Akaurudisha mahali pake.

"Mmeuanika," alisema.

Nikaitikia kwamba tumeuanika siku tatu, juani. Nilidhani ananisifu. Akafungua sanduku, akatoa kanga ya juu, akainusa hiyo nayo, akaikunja tena kwenye mikunjo yake. Dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Tulipomaliza kula, Mama Mkubwa aliosha mikono, akajifuta, akasema, "Haya, wanangu, sasa nionesheni ukuta."

Hapo ndipo nilipojua. Nilijua kabla hajaeleza, kwa jinsi dada yangu alivyoinuka akatangulia mbele. Alieleza huku akitembea. Mama, tangu ujana wake, alikuwa na ada ya wanawake wengi wa zama zake: kila siku ya Ramadhani aliyokosa kufunga huipigia mstari wa mkaa ukutani, na kila siku aliyoilipa huukata mstari wake. Jumatatu na Alkhamisi za mifunguo zilimpita akilipa, na deni lake halikufika Ramadhani ya pili. Lakini miaka mitatu ya mwisho maradhi yalikuwa yakija na kuondoka. Mistari ikaongezeka, yenye kukatwa ikapungua. Katika simu yao ya mwisho alimwambia dada yake: nikifa sijalipa, hesabu yangu iko ukutani. Njoo uihesabu wewe, mkubwa wangu, watoto wanilipie kibaba kwa kila siku.

Ukuta ulikuwa mweupe kama sanda. Mama Mkubwa aliuweka mkono juu yake, akaupitisha kutoka kushoto kwenda kulia kama anayetafuta kitu kwa vidole. Kiganja chake kilirudi kina chokaa.

Hakunikemea. Laiti angenikemea. Nilimweleza yote: agizo la mama, giza, kandili, hamu yangu ya kumpokea katika nyumba isiyo na doa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo sikuyasahau: "Mwanangu, mimi sikuja kuona nyumba safi. Nyumba safi ninayo Maskati. Nilikuja kuona alipokaa."

Jioni ile, kandili ikiwa katikati ya mkeka, tuliketi watatu kulitafuta deni la mama kwa kumbukumbu. Ramadhani ya 2005, ile iliyoangukia Oktoba: dada yangu akakumbuka kwamba mama alilazwa wiki moja na kidogo. Ramadhani ya 2006: Mama Mkubwa akakumbuka simu ya kumi la mwisho, sauti imekauka, anasema amekula leo na jana na juzi kwa amri ya daktari. Mimi nikakumbuka Alkhamisi moja aliyorudisha kikombe cha chai nilichomletea, nami nikanuna, nisijue kwamba amefunga kulipa. Ramadhani ya 2007 alifunga siku tano za mwanzo akashindwa. Jirani mzee aliyekuja kutoa mkono wa pole akaingia naye katika hesabu, akatutajia siku ambazo sisi wana wake hatukuzijua.

Tulikesha. Tulicheka mara nyingi, kwa sababu huwezi kumhesabia mtu siku zake bila ya kumsimulia. Tulifika 47, na wala hakuna aliyekuwa na yakini. Mama Mkubwa akasema kwamba deni lisilojulikana idadi yake hulipwa mpaka moyo utue, akaifanya 60. Siku ya pili tulipima mchele mzuri, vibaba 60, yaani pishi 15, ukagawiwa wenye kuhitaji. Baada ya siku chache taa zikarudi, naye akarudi Maskati. Aliomba kitu kimoja tu cha kuchukua: kile kisu kipana. Alisema huenda kimebakiwa na chembe ya mkaa. Sikujua kama anafanya mzaha.

Sisemi kwamba tusiwasafishie wageni wetu. Nyumba chafu ni dharau kwa anayekuja, na mimi bado naanzia kwenye boriti na kumalizia mlangoni. Lakini sasa nafanya kazi hiyo mchana, na kila ninachokiokota shubakani nauliza kwanza: hiki cha nani, na kiliwekwa hapa kwa nini? Nimefahamu pia kwamba si mgeni niliyemsafishia usiku ule, ni aibu yangu. Katazo la wazee halikuhitaji sababu zaidi ya hiyo ya riziki. Gizani mtu hajui anachokitoa nje.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia Septemba. Ilipokwisha, niliingia stoo kuchukua mkaa, nikaona juu ya ile chokaa, kwa kimo cha mke wangu, mistari sita mipya. Sikuuliza. Niliuzungusha mguu nikatoka. Tokea siku hiyo tumeshapokea wageni wengi, wa harusi, wa hitima na wa sikukuu, na nyumba nzima hupakwa chokaa isipokuwa ukuta ule.